Furshe inayovuja mafuta iko pia mambo ya sendika

Wandugu wafanya kazi, mama na baba, leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengine ndani ya sendika yetu wanaona ni kidogo sana: miguu miwili ya mbele ya moto, ile mafundi wanaitaka furshe. Tunajua kicheko kitatoka. Watu wanangoja tuseme juu ya mushahara, juu ya kontra za sutretansi, juu ya vumbi ndani ya kiwanda, na siye tunakuja na habari ya mafuta ya moto. Muwe na uvumilivu kidogo, kiisha mutatuhukumu.

Tazameni njia ya kwenda kazini. Wazee wetu wa wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, wengi walilala ndani ya kambi za kampuni, karibu na kazi. Kapata na Luilu, kando ya Kolwezi, zilikuwa vile: mutu anatoka mulangoni, anafika kwa miguu ao anapanda kamyo ya kampuni. Leo kampuni ni mingi, nyumba ni mbali, na yule wa sutretansi mara mingi hana nafasi ndani ya bisi ya wale wenye kontra ya kudumu. Njo maana moto. Saa kumi na moja ya asubui, giza bado, wafanya kazi wanapita katikati ya kamyo zenye kubeba shaba na kobalti, ndani ya vumbi ambayo inafunga macho, na mashimo ambayo kila mvula inazaa mapya.

Na moto yenyewe haiko mupya. Ni ile ya 100 ao 125, imepita kwa mikono mitatu ao mine mbele ya kufika kwetu. Asubui inapeleka baba kazini, muchana mama anaenda nayo sokoni, siku ya Mungu inabeba watu wane kwenda kusali. Mwenye kuchimba kwa mikono anafunga juu yake mifuko ya mali mpaka gurudumu ya nyuma inalia. Mutu anabadilisha mafuta ya motere, anakaza mucholo, ananunua pine wakati ile ya zamani imekuwa laini sawa kichwa ya mutoto. Lakini furshe? Tangu moto ilitoka kiwandani, mafuta ya furshe haijabadilishwa hata siku moja. Wengi hawajui kama kule ndani kuna mafuta.

Iko. Kila muguu wa furshe ni tiyo ya chuma yenye kungaa inayoingia ndani ya tiyo ingine ya chini. Ndani kuna resori, na resori njo inabeba uzito. Lakini resori peke yake ni sawa mupira: ukiisukuma inaruka, inaruka tena. Mafuta njo inaituliza, sababu inalazimishwa kupita ndani ya matundu madogo, polepole. Mafuta ikiisha, gurudumu ya mbele inapiga shimo na kuruka. Wakati iko hewani, haina freni, haina mwelekeo. Unakamata freni, gido inashuka yote chini kwa mara moja, na yule mwenye kukaa nyuma anakuja juu yako. Na kama moto iko na freni ya diski, mafuta inayoshuka kwa muguu inaweza kufika juu ya diski na plaketi. Hapo hakuna freni tena, kuna sala tu.

Kinachozuia mafuta isitoke ni pete moja ya mupira, kwa kila muguu, yenye midomo miembamba inayolamba ile tiyo. Vumbi yetu ya huku ni adui wake. Inakauka juu ya tiyo pamoja na matope, na kila mara furshe inashuka, inakwaruza midomo. Moto mingi za zamani zilikuja na soksi za mupira za kufunika tiyo. Vijana wamezitoa ili moto ionekane na sura ya kisasa. Siye tunasema: muzirudishe. Ukikosa za dukani, kata mupira wa ndani wa pine ya zamani, funga juu na chini, lakini uache nafasi ya kushuka na kupanda. Haipendezi macho, inalinda pete.

Kujua kama furshe ni mugonjwa hakuombi fundi. Mama wa nyumba njo anaonaka wa kwanza: asubui anafagia lupango, anakuta tone ya mafuta pale gurudumu ya mbele ilikuwa. Pitisha kidole juu ya tiyo. Ukikuta mustari wa mafuta na uchafu, pete imechoka. Kiisha simama kando ya moto, kamata freni ya mbele, sukuma gido chini na nguvu, achilia. Furshe nzuri inashuka, inapanda, inatulia. Mbovu inachezacheza sawa kitanda ya resori. Na ukisikia kitu kinagonga wakati wa kukamata freni, usiharakishe kuhukumu furshe. Inua gurudumu ya mbele, kamata miguu ya furshe kule chini, vuta na sukuma. Ikicheza pale juu chini ya gido, ni rulema za shingo, na hiyo ni kazi ingine.

Mbele ya kununua kitu chochote, jaribu dawa ya bure. Pandisha kile kifuniko cha vumbi, pangusa vizuri, kata kipande cha plastiki nyembamba na laini, kwa mufano cha chupa ya maji, ukiingize polepole kati ya tiyo na pete, ukizungushe. Mara mingi ni mchanga kidogo tu ulikamata mudomo wa pete. Ukitoka, kuvuja kunaisha. Usitumie turnevisi wala sindano. Hapo utamaliza kupasua kile kilikuwa kizima.

Kama inaendelea kuvuja, basi ni kazi ya siku moja ya mapumuziko, ndani ya lupango yako. Weka kazie ya bia ao mabao mazito chini ya motere mpaka gurudumu ya mbele iko hewani, na moto isitikisike. Mutu wa pili ashikilie. Mbele ya kutoa muguu wowote kuna mambo mawili ambayo watu wanasahau, na kiisha wanalaumu moto. La kwanza: kifuniko cha juu cha muguu kinalegezwa wakati muguu ungali umebanwa kule chini ya gido. Unalegeza bulo inayoubana pale juu, kiisha kifuniko, kidogo tu. La pili: chini kabisa ya muguu, ndani ya tundu, kuna visi ya ufunguo wa pembe sita. Hiyo pia ianze kulegezwa wakati resori ingali inasukuma kule ndani. Ukitoa resori kwanza, chuma ya ndani itazunguka pamoja na visi, na utazunguka nayo mpaka jua linashuka. Weka besani chini, sababu mafuta inaweza kuanza kutoka.

Gurudumu inatoka, garde-boue inatoka, freni inafungwa na kamba ili isininginie kwa tiyo yake. Kiisha muguu unatoka. Wakati unamaliza kufungua kifuniko cha juu, usiweke uso juu yake. Resori inasukuma, na jicho halina kipande cha kubadilisha. Tazama namna resori ilikuwa imekaa: mizunguko inayobanana iko juu ao chini? Itarudi vile vile. Mwaga mafuta, pampu muguu mpaka hakuna kitu. Ile inayotoka mara mingi ni nyeusi ao ya kijivu, na harufu yake ni ya samaki iliyooza. Usiimwage karibu na kisima cha lupango; iweke ndani ya bidoni.

Sasa toa ile visi ya chini kabisa, achanisha tiyo mbili, osha yote na mazuti ao esansi, mbali na mbabula ya mama. Pete ya zamani inafungwa na waya wa chuma. Toa waya, weka kitambaa kwa ukingo, inua pete polepole kwa chuma isiyo na meno. Ikikataa, mwaga maji ya moto kwa inje ya muguu. Aliminiyumu inatanuka kidogo, pete inakuja.

Hapa njo pahali pa kutazama bila kujidanganya. Laza tiyo juu ya kiyoo ya dirisha, izungushe. Ikiruka ao ikiacha mwangaza chini yake, imepinda. Kuna mafundi wanakubali kuinyoosha kwa presi ao kwa nyundo. Siye tunakataa: chuma iliyopinda ikanyooshwa itapinda tena pale pale, na siku hiyo labda utakuwa mbele ya kamyo. Pitisha ukucha juu ya tiyo. Ukikuta kakidonda kadogo ka kutu, papie ya kusugua namba 1000 na mafuta kidogo inaweza kukalainisha, kwa kuzungusha, usiisugue kwa urefu. Lakini kama ngozi ya kungaa imebanduka pahali pete inapita, hakuna pete duniani itakayozuia mafuta. Tafuta tiyo ingine. Kubadilisha pete juu ya tiyo iliyokwaruka ni kutupa pesa, na tunajua watu wamefanya vile mara tatu.

Pete mupya inakaa na upande wa wazi, ule wenye karesori kadogo, ukitazama chini kwa mafuta. Ipakaze mafuta. Funika kichwa ya tiyo na sashe ya plastiki wakati unaipitisha, isikatwe na ukingo. Kuiingiza nyumba yake, usipige na nyundo upande mmoja mmoja. Pima kipande cha tiyo ya maji ya plastiki chenye upana wa pete, weka ile pete ya zamani juu ya mupya, gonga sawasawa mpaka muchoro wa waya unaonekana wote. Rudisha waya. Ile ronde ya shaba ya visi ya chini, kama hauna mupya, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itie ndani ya maji. Siye watu wa shaba hatuna haja ya kufundishwa: itakuwa laini tena na itafunga.

Tukuje kwa mafuta, sababu hapa njo kuna mambo mabaya mawili. La kwanza ni mafuta ya motere. Fundi wa kando ya njia anamwaga ndani ya furshe ile 20W50 iliyobaki kwa chupa, na anakuambia «mafuta ni mafuta». Hapana. Furshe ya moto ndogo za vile mara mingi inaomba mafuta nyembamba, ile inaandikwa 10W. Ile ya motere ni nzito, na kwa baridi ya asubui ya juni na julai, ambayo sisi wa huku juu tunaijua, inakuwa sawa bukari. Furshe haishuki, kila shimo inakupiga kwa mabega na kwa mugongo. Mutu amekaa saa nane juu ya mashine inayotikisika, kiisha moto inamalizia mugongo wake njiani.

La pili ni mafuta ya kampuni. Wale wa matengenezo ya mashine wanajua kama mafuta ya idroliki namba 32 inakaribiana sana na hiyo 10W. Ni kweli, inafanana. Na kila mutu anajua pahali pipa iko. Wandugu, tuseme wazi: kikombe kimoja cha mafuta ndani ya chupa ya maji, ikikutwa kwa mulango wa kutokea, inaitwa wizi. Tumekaa mbele ya wakubwa kutetea watu kwa mambo ya namna hiyo, na hakuna neno tulilopata la kusema. Mutu mwenye miaka mingi ya kazi anapoteza yote kwa mafuta ambayo haijazi hata chupa moja ya limonade. Nunua yako.

Kiasi kinaandikwa ndani ya kitabu ya moto. Ukikosa kitabu, uliza mwenye kuuzisha vipande vya moto ya namna ile ile, usikisie. Ile uliyoimwaga haiwezi kukuongoza kwa muguu uliokuwa unavuja, sababu nusu ilibaki njiani. Kikubwa ni miguu miwili ipate sawasawa. Pima na sindano kubwa ya farmasi. Kiisha, bila resori, shusha tiyo yote chini, pampu polepole mpaka hewa inatoka, ingiza kajiti na upime urefu toka ukingo wa juu mpaka kwa mafuta. Huku na kule iwe namba moja. Tofauti ikiwa kubwa, moto itavuta upande mmoja wakati wa freni.

Wakati wa kurudisha gurudumu, usikaze kila kitu kwa haraka. Rudisha yote, kaza ekseli kidogo, shusha moto chini, kamata freni na upampu furshe mara kumi ili miguu ipate nafasi yao, kiisha njo unakaza ekseli na bulo za kubana. Ukikaza mbele, miguu inabaki imepishana na pete mupya itaisha upesi. Freni ijaribiwe ndani ya lupango mbele ya kutoka avenyi. Na diski ipanguswe vizuri, isibaki na alama ya kidole yenye mafuta.

Kuna wandugu wanatuambia: sendika inageuka garaje. Kampuni njo yenye kupaswa kuleta bisi, na siye tukifundisha watu kutengeneza moto, tunawasaidia wakubwa kusahau bisi. Neno hili lina uzito, na hatulitupi. Bisi tunaiomba na tutaendelea kuiomba, kwa wote, hata wa sutretansi, hata jurnalie. Lakini kesho saa kumi na moja bisi haitakuwa pale, na furshe itakuwa inavuja. Mutu hawezi kungoja na mukono uliovunjika.

Tena, Sheria ya kazi ya 16 oktoba 2002 haichanganye pesa ya transport na mushahara. Kuna kampuni ambazo zinaviweka pamoja ndani ya namba moja kwa karatasi ya malipo, ili ionekane kubwa. Tukienda kubishana juu ya pesa hiyo, wanatuuliza: moto inakula nini? Delege anayesema «inakula mingi» anarudi mikono mitupu. Delege anayejua pete mbili, mafuta, plaketi, pine, na kila kitu kinadumu miezi ngapi juu ya njia hii, huyo anaandika hesabu. Hesabu hiyo iko ndani ya lupango zenu, haiko ndani ya biro yetu.

Na kuna ajali. Sheria ya CNSS, ile namba 16/009 ya 15 julai 2016, inahesabu ajali ya njia kati ya nyumba na kazi sawa ajali ya kazi, kama mutu hakukata safari ao kupotoka kwa mambo yake mwenyewe. Wengi hawajui, na wajane wengi hawajui. Anayetoka kazini na kupita kwanza kwa fundi upande mwingine wa muji ili furshe itazamwe, akianguka kule, anawapa watu njia ya kusema hakuwa kwenye safari ya kazi. Sababu moja zaidi ya kufanya kazi hii nyumbani, siku ya mapumuziko. Neno la kwanza ambalo mashefu wanalitoa wakati wa ajali ni «moto yake ilikuwa mbovu». Kwa hiyo chukueni kayiye moja ya shule, muandike tarehe, kilometa, kitu gani kilibadilishwa, na mubandike karatasi ya duka. Mama aiweke pamoja na karatasi za malipo na kitambulisho cha CNSS. Tukienda kusimama kwa ajili ya mutu, tunataka kuwa na kitu mukononi.

Mafundi wa kando ya njia wasikasirike. Walio wazuri tunawajua na tutaendelea kuwatumia kwa motere na kwa rulema. Hata wao watatengeneza vizuri zaidi kama mwenye moto anajua kuuliza: umeweka mafuta gani, kiasi gani?

Kwa vyombo, hakuna nyumba moja yenye kuwa na vyote, na haina maana kila mutu anunue ufunguo wa pembe sita mrefu atakaoutumia mara moja kwa miaka miwili. Avenyi moja inaweza kuchanga: ule ufunguo, kipande cha tiyo ya plastiki ya kuingiza pete, sindano ya kupima, kiyoo. Viwe ndani ya sanduku moja, kwa nyumba ya mutu ambaye hayuko kazini usiku na muchana. Anayeazima anaandika jina, na anarudisha tiyo ikiwa imeoshwa, sababu mchanga ukibaki ndani yake, yule wa pili ataingiza pete yake pamoja nao.